Mayai Sita Yasiyo na Alama

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili, swali langu lilikuwa moja: kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, shingo yake inaanza lini kuwa upara akiwa bado ndani ya yai? Chuoni walicheka. Nyumbani Nyamahanga walicheka zaidi. "Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kuchungulia shingo ya kuku?" mjomba aliniuliza, na wala hakungoja jibu.

Mashine ya kutotolea mayai chuoni iliharibika, nikasema liwalo na liwe, namtumia mtetea wa mama. Nilipanga kumwekea mayai sita ya kishingo na sita ya kuku wa kawaida, ya kulinganishia, yote chini ya kuku mmoja ili joto liwe lile lile. Msimamizi wangu hakupendezwa. Alisema anakuja mwenyewe kuona; asiporidhika hasaini fomu ya utafiti wangu, nami nitafute mada nyingine na kupoteza mwaka mzima. Nilikosa raha kabisa.

Siku moja kabla hajafika nikayaweka mayai kiotani. Yale ya kishingo nikayachora msalaba kwa penseli, ya kawaida nikayaacha hivyo hivyo. Asubuhi nikaenda stendi ya Biharamulo kumpokea.

"Shikamoo mama," alisema tulipofika.

"Marahaba baba, karibu. Kula kwanza, kuku hawaendi popote."

Kulikuwa na chai, ndizi, na mayai ya kukaanga yaliyojaa sahani. Wageni wasomi huwa wanadonoa donoa. Huyu alikula mpaka akaipangusa sahani kwa kipande cha ndizi. "Mama, mjini haya hatuyapati!" Mama akatabasamu kama aliyeshinda uchaguzi.

Tukaingia bandani. Nilipomwinua mtetea, akamdonoa msimamizi kidole, na moyoni nilifurahi kidogo. Kisha nikahesabu. Mayai sita, yote yana msalaba.

"Ya kulinganishia yako wapi?" aliuliza.

"Mama! Mayai mengine yako wapi?"

"Yapi, yale yasiyo na alama? Si kuku wengine wamemtagia mwenzao. Nimeyatoa."

"Ukayapeleka wapi?"

Mama akamtazama mgeni usoni, halafu tumboni, kwa heshima zote.

Nilimpandishia mama yangu sauti mbele ya mgeni, na mpaka leo naona aibu. Yeye wala hakushtuka. "We mtoto, umekulia hapa hapa. Yai la kuatamiwa linachorwa mkaa. Lisilochorwa ni la jikoni. Au umesoma mpaka umesahau?"

Msimamizi akamgeukia mama. Kwenye ukuta wa maabara yake kuna karatasi aliyoiandika mwenyewe: kisicho na lebo kinatupwa. Aliwahi kunitupia chupa zangu za wiki mbili bila hata kupepesa macho.

"Huyu mama," alisema taratibu, "ndiye mtu wa kwanza kuifuata sheria yangu."

"Basi baba," mama akadakia, "utamnyimaje mtoto saini, na ushahidi umeula wewe?"

Alicheka mpaka akashika mlango wa banda. Akasaini pale pale, karatasi ikiwa juu ya goti, akaniamuru nianze upya kesho. Mama akaenda kuniletea mkaa. Nikamuuliza msimamizi niandike nini kwenye ripoti kuhusu yale sita.

"Andika ukweli wote," alisema. "Ila mlaji usimtaje."