Kijiti Kilikuwa Ng'ambo

Madereva wote wa mpakani walimjua Mama Kamba, na wengi walimwogopa kuliko askari. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akivuta kamba ya kizuizi upande huu wa daraja, na daraja lenyewe lilikuwa jembamba, la gari moja tu. Ndiyo maana kulikuwa na kijiti chekundu. Aliyekishika ndiye aliyevuka, akamkabidhi mlinzi wa ng'ambo, naye akampa dereva anayekuja huku. Bila kijiti hupiti, hata ulie machozi ya damu. Bwana harusi mmoja aliwahi kusubirishwa hapo mpaka maua yakamnyaukia kifuani, na Mama Kamba wala hakupepesa jicho.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, na kijiti kilikuwa ng'ambo. Ikaja pikipiki. Nyuma ya dereva alikaa binti wa Mama Kamba mwenyewe, tumbo mbele, ameuma upindo wa nguo. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, na zahanati iko upande wa pili.

“Mama, fungua. Siwezi tena.”

Mama Kamba akatega sikio. Kimya. Akavuta kamba.

Pikipiki ilipomezwa tu na ukungu, akasikia lori. Limejaa, linakuja, linanguruma juu ya mbao. Moyo ukamlipuka. Kelele isingesikika. Akaokota jiwe, akagonga ukingo wa chuma kama mwendawazimu. Breki zikalia. Kisha kishindo, kisha hakuna kitu.

Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Aliogopa kufika, akaogopa kuchelewa. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu. Binti yake ameketi juu ya mbao, ameng'ang'ania ukingo, hatua mbili kutoka kwenye bampa ya lori. Mzima.

“Nani kawafungulia?” dereva wa lori alifoka.

Binti akawahi: “Tulipenya wenyewe. Mama hakutuona.”

Kufungua bila kijiti humfukuzisha mtu kazi siku hiyo hiyo, na Mama Kamba alilijua hilo kuliko wote. Akapiga magoti, akamshika binti yake, akahisi tumbo limekaza kama ngoma.

“Anasema uongo. Nimefungua mimi,” alisema. “Utanishtaki baadaye. Sasa rudisha lori nyuma, baba, mtoto anakuja.”