Nilienda Kamina Kujifunza Kumtunza Mama

Nilienda Kamina kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa amesema neno lake la mwisho. Yaya Jeanne, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, alisimama uani kwetu Bukama, mikono kiunoni, akasema mama apelekwe kwenye chumba cha maombi, akafungishwe kula mpaka aungame uchawi wake. Majirani walikuwa wakimwona mama kila jioni kwenye ukingo wa mto Lualaba, amesimama kimya anaangalia watoto wao wakioga. Mmoja wa watoto hao alishikwa na homa akafa. Tangu hapo hakuna aliyekuja kwetu hata kuomba chumvi.

Jumapili iliyofuata padri akatangaza kwamba kuna parokia Kamina inayofundisha watu wenye wazee nyumbani. Nikamwomba Yaya anipe muda.

"Nitakungoya," alisema. "Lakini ukirudia bure, mama anaenda."

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimechoka kabla hata sijakanyaga njia. Mke wangu Vero ndiye anayemwogesha mama. Mimi ndiye ninayemkimbilia akitoka. Tulikuwa tumeweka benchi mlangoni, limelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, ili asipite. Mama aliniaga upande wa ndani wa benchi lile. Alipinda magoti kidogo, akapiga makofi polepole, akasema, "Wende muzuri, tata."

Wasomaji wa mbali wasishangae. Mimi ni Banza, jina la baba yake mama, na kwetu anayebeba jina anabeba na heshima yake. Tangu niko mgongoni mama ananiita tata, yaani baba, na kichwa cha samaki kikiiva ni changu. Jina langu la ubatizo, Fideli, alikuwa akilitumia akinikasirikia tu, au akiniogopea.

Kituoni Bukama tulisubiri gari la moshi mpaka jua likatuchosha sote, na lilipokuja lilikwenda kama lenyewe limeuguliwa nyumbani. Lilisimama porini bila kueleza kitu, likaondoka bila kueleza kitu. Nililala nimeegemea gunia la mahindi la mtu nisiyemjua. Aliniamsha mara moja tu, tena kwa adabu, kutoa kuku wake chini ya mguu wangu.

Kamina ilitupokea kwa baridi na vumbi. Tulipewa mikeka katika darasa moja la parokia, na asubuhi bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Ukumbini nusu ya watu walikuwa wakulima wa vijiji vya karibu, nusu wanawake wa askari kutoka Base, kambi kubwa ya jeshi, waliotokea kila pembe ya Kongo. Wanaume tulikuwa wa kuhesabika. Jirani yangu kwenye benchi, Mama Béatrice, mke wa sajini, alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Papa, weye njo unaosha mama yako, ao unamuangaliaka tu?"

Nikamwambia mke wangu anamwogesha, mimi ninalinda mlango.

"Basi weye iko zamu," akasema, na benchi zima likacheka. Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Na kweli nilikuwa zamu, yaani mlinzi, tena asiyelipwa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mifupa. Mwalimu wetu alikuwa sista mmoja muuguzi, mfupi, mwenye sauti ya kuchoka kama yangu, na kwa hiyo nilimwamini. Alisema mifupa ya mzee inapenda kutembea, inapenda jua la asubuhi na la jioni, inapenda samaki wadogo wanaoliwa pamoja na miiba yao. Viatu vya mzee vifungwe nyuma, visiwe vya kuburuta. Kitu kisilale sakafuni wala mlangoni.

Mama Béatrice akainua mkono. Mama mkwe wake alikuwa akitangatanga kambini, ndipo yeye akamfunga kitandani kwa kitenge. Mzee akaamka na kitenge chake, akaanguka, nyonga ikavunjika.

"Hakutembea tena mpaka kufa," alisema. "Minyi nilifikiri ninamulinda."

Alisema macho makavu, huku anakunja na kukunjua pindo la nguo yake. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa naliona benchi letu.

Mchana nilihangaika na simu nyuma ya kanisa mpaka nikapata mtandao.

"Vero, toa ile benchi ku mulango."

"Na akitoka?"

"Umufuate."

"Minyi niko na choka, Fideli," akasema.

"Minyi pia," nikamwambia. Nikarudi ukumbini.

Siku ya pili ilikuwa ya kusahau. Sista alisema ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala laana. Ya jana yanatoka kwanza, ya zamani yanabaki mwisho, ndiyo maana mzee anaweza kumwona mtoto wake akadhani ni mzazi wake. Tusishindane naye. Akitoka nje, tusimuulize kwa nini anatusumbua. Tumuulize anatafuta nini.

Kisha akapita kwa kila mmoja wetu. "Muzee wako aliacha kukuyua tangu lini?"

Watu walijibu. Mmoja alisema tangu mavuno, mwingine tangu mazishi ya mumewe. Zamu yangu ilipofika nilijibu kwa majivuno kidogo.

"Wangu ananiyua, Sista. Ananiita tata na ananipigiaka makofi, sawa siku zote. Niko na jina ya baba yake."

Sista alinitazama bila haraka. "Na mwisho kukuita mutoto yake ilikuwa lini?"

Nilitafuta mwezi, nikatafuta msimu, nikatafuta hata ugomvi mmoja ambao aliniita Fideli. Sikupata. Kati ya tata wa heshima na tata wa kweli palikuwa na siku ambayo mama aliacha kunijua, na mimi nilikuwepo, nikala kichwa cha samaki, sikuona kitu. Niliketi. Mama Béatrice alinisogezea kikombe chake cha chai, na nilikunywa ili nisilie mbele ya wake za askari.

Kurudi, gari la moshi halikuja. Nilipanda lori juu ya magunia, kisha pikipiki mara mbili, na barabara ile ilinitoa kila mfupa mahali pake. Nilifika Bukama mchana mkubwa, mwekundu kwa vumbi. Yaya Jeanne alikuwa ameketi uani, na pembeni yake furushi la nguo za mama, limekwisha kufungwa.

Nilimweleza yote, nimesimama. Alitikisa kichwa.

"Muntu wa kusahau hawezi kukumbuka heshima. Minyi ananiita mwizi, lakini weye anakupigia makofi. Anayua byote, Banza. Anatucheza tu."

Mama mwenyewe akatoka ndani, mlango ukiwa wazi, akapinda magoti. "Umefika, tata."

Nikashika mkono wake, nikauliza kama nilivyofundishwa. "Jioni unaendaka ku muto kutafuta nini?"

Alimwangalia Yaya kama anavyoangaliwa mgeni, akaniinamia na kushusha sauti, kama binti anayejua amekosa.

"Mutoto yangu, tata. Fideli. Alienda kuoga na benzake. Benzake banarudia, yeye harudi. Usinikasirikie. Nitamupata."

Yaya alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoinuka hakusema neno la maombi wala la uchawi. Alilifungua furushi, akatoa viatu vya mama, akapiga magoti mwenyewe kumvalisha.

Niliyojifunza Kamina si mengi, na uchovu sikuuacha huko. Majirani bado wengi hawatusalimii. Lakini sasa kila jioni, jua likiwa bado lipo, mama na mimi tunatembea hadi Lualaba, viatu vimefungwa nyuma, mkono wake umeshika wangu. Tunamtafuta Fideli kati ya watoto wanaooga. Tukimkosa, ninamwambia atarudi akisikia njaa, naye ananiamini, kwa sababu mimi ni baba yake.

Nyumbani ananipa kichwa cha samaki, kisha anaweka kipande kizuri cha katikati pembeni, anakifunika kwa sahani, cha mtoto. Akishalala, ninakila.