Dereva wa Kipawa anayetamani kutukanwa

Saa tisa alasiri, Kipawa, Dar es Salaam. Mwishehe Pazi anafagia unga wa mkaa kwenye bodi ya pikapu yake, anafagia mpaka kwenye kona, kama mama anayesubiri wageni. Akimaliza anakunjua godoro la sufi, analipiga viganja vumbi litoke, analikunja tena na kulifunika turubai, pembeni kabisa, lisiguswe na magunia.

Godoro hilo ni la wagonjwa.

Kisha anavuka uchochoro hadi kibarazani kwa jirani yake Hija, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa fundi baiskeli. Hija amekaa kwenye benchi, mkono wa kulia umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"We mtumwa wangu," Mwishehe anamwambia, "bado umekaa tu? Mizigo ya babu yangu nani ataibeba?"

Anasimama, anangoja. Macho ya Hija yanacheka, lakini mdomo umekwama upande mmoja. Halitoki neno.

"Haya. Kesho," anasema Mwishehe, anageuka.

Ndivyo inavyokuwa kila siku tangu mwaka jana, 1997.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara iliyoteremka pwani na mizigo vichwani. Mtani hutukana bila kukasirikiwa, na msibani ndiko hasa uwanjani kwake.

"Hija alikuwaga ananitukana kabla sijanawa uso," anasimulia Mwishehe, Mzaramo mwenye miaka arobaini na tisa. "Alikuwa na lake moja, halimtoki mdomoni: Mzaramo ukimwona anakimbia, ujue ngoma imelia. Mie nikikimbilia kazini, nikikimbia mvua, yeye ananiuliza, inachezwa wapi? Nilikuwa nachukia. Leo ningetoa gunia zima la mkaa anitukane mara moja tu."

Siku iliyomnyamazisha Hija ilikuwa ya msiba wa mjomba wake Mwishehe, kule Yombo. Marehemu alikuwa mzee wa kuchechemea na kumumunya maneno. Hija, kama ilivyo ada ya mtani, alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea, akimwagiza mjane alete chai upesi. Hata mjane mwenyewe alicheka, khanga mdomoni.

Kisha mguu ukaanza kuburuzika kweli. Mdomo ukapinda, mate yakateremka kidevuni. Watu wakazidi kucheka.

"Mie ndiye niliyecheka kuliko wote," anasema Mwishehe. "Nikamtupia hela. Nikamwambia, Mnyamwezi, leo umefuzu."

Aliyegutuka ni mke wa Hija, Bi Mwamvita, aliyekuwa akipepeta mchele na akina mama wenzake. Aliiona ile hela imelala mchangani, mbele ya miguu ya mumewe.

"Mume wangu namjua," anasema Bi Mwamvita, huku akimfuta Hija kidevu kwa ncha ya khanga. "Hela ya utani haiachi chini. Nikatupa ungo, nikasema nyie, huyu hachezi, huyu anaumwa."

Hata hapo hawakuondoka upesi. Wazee walisema marehemu amekasirika kuvaliwa koti. Koti likavuliwa, ubani ukachomwa, kisomo kikasomwa. Jua lilikuwa limeshapinduka ndipo sufuria za msiba ziliposhushwa kutoka kwenye pikapu ya Mwishehe na mgonjwa akapakiwa.

Hospitali ya wilaya iliandika barua ahamishiwe hospitali kubwa ya mjini. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mama mjamzito, basi safari ikaendelea kwa pikapu ileile, Hija kwenye bodi tupu, kichwa mapajani mwa mkewe, kila shimo wakilisikia mgongoni.

Huko daktari aliwaeleza kuwa ni kiharusi: damu imeganda, ikaziba mshipa wa kwenye ubongo.

"Nikamuuliza, hicho kibonge hakitoleki?" anasema Mwishehe. "Akasema Marekani wameanza kutumia dripu ya kukiyeyusha. Ila mgonjwa afike ndani ya saa tatu, na kwanza apigwe picha ya ndani ya kichwa, maana kama mshipa umepasuka, dawa hiyohiyo humwua. Na wapo wanaotafuta namna ya kukivuta kwa waya mwembamba. Nikamuuliza, na kwetu? Akasema, kwetu bado."

Anang'oa kipande cha mkaa kilichonasa kwenye ukucha.

"Toka siku ile naiwaza dripu hiyo kama mtu anavyomuwaza mchumba aliyeko mbali. Sijaiona, wala sijui rangi yake."

Dawa hana, ila gari analo. Akiuza mkaa, siku nzuri hubakiwa na shilingi elfu sita. Mgonjwa humlipa petroli tu, na asiye nayo humwachia dua. Wengine aliowapeleka wamerudi wakitembea, wengine hawakurudi.

Majirani amewafundisha alivyoelezwa na daktari: mwambieni acheke, anyanyue mikono yote miwili, ataje jina lake. La nne ameliongeza mwenyewe: mtupieni hela miguuni.

"Mtu wa Kipawa asipoiokota," anasema, "huyo muwahini."

Mazungumzo yanakatika. Munira, binti wa nyumba ya pili, anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Sema."

"Mama. Kikombe kimemponyoka, mdomo umekwenda upande. Nimemwambia anyanyue mikono, mmoja haupandi."

"Wameshaanza kusoma?"

"Bibi anatafuta ubani."

"Mwambie tutasoma njiani."

Mwishehe anakimbilia gari, ndala zikimpiga visigino. Ndipo nyuma yake, kibarazani, inapoanza sauti: du, du-du, du. Hija ameivuta ndoo tupu ya plastiki, anaipiga kwa kiganja cha kushoto. Anapiga ngoma. Mdomo uliopinda umezidi kupinda, kwa kicheko.

Mwishehe anasimama. Bi Mwamvita naye ametokea mlangoni, mkono kinywani. Kwa kitambo kidogo inaonekana kama dereva atarudi, akae kwenye lile benchi mpaka jioni.

"Baba mdogo," Munira anamwita taratibu.

Anaingia garini.

Godoro linatandikwa, mama anapakiwa, Munira anamshika kichwa, bibi anapanda na tasbihi yake. Chai iliyokuwa jikoni kwa Bi Mwamvita hata haijachemka.

Wakiingia Barabara ya Pugu, Mwishehe anafuta macho kwa mkono wa shati, anabaki na mstari mweusi wa mkaa shavuni. Anasema ombi lake kwa Mungu ni dawa ile ifike Dar es Salaam naye angali na nguvu za kushika usukani, ili siku moja awahi na kukuta kuna cha kuwahia.

"Na yule mtumwa wangu," anasema, akilikwepa shimo polepole kwa ajili ya mgonjwa, "umemsikia alivyonitukana? Nikirudi namjibu. Majibu ya mwaka mzima ninayo humu kifuani."