Herufi ya Bibi

Wiki iliyopita mvua ilitukuta barazani, mimi na binti wa mdogo wangu, tukipukuchua mbaazi. Nikasema bila kufikiri, "Mvula hiyo." Mtoto akanitazama kwa huruma.

"Mama mkubwa, umekosea. Ni mvua."

Nilicheka, maana neno hilo nusura limtoe mama yake shuleni.

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule darasa la tano nikabaki na nyumba yetu hapa Magomeni. Mdogo wangu alichukuliwa na bibi, kule Malolo, akakulia kwenye moshi wa jikoni na harufu ya mlenda, akisema Kisagara kitupu. Alipofikia umri wa shule nikamrudisha mjini. Mwalimu akisema njaa, yeye anajua nzala. Kwenye imla aliandika mvula, akakosa, na wenzake wakaanza kumwita Mvula. Muhula haujaisha, mwalimu akaniita. Mtoto ni mzito, akasema kwa upole, afadhali arudi kwa bibi kwanza, mpaka akue.

Nilijua akirudi, hatoki tena.

Jioni ile nilipanga mbaazi tano mkekani, moja kwa kila herufi ya mvula. Nikaondoa ya nne. Neno la bibi lina L, nikamwambia, la shule halina. Aliifurahia kanuni hiyo kupita kiasi. Kesho yake akasimama mbele ya darasa: "Shikamoo, mwaimu." Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akaitikia marahaba, akamuuliza kama amekula.

"Nimekua," akajibu.

Mchana mwalimu alikuja nyumbani, akazikuta mbaazi bado ziko mkekani. Akauliza nani kamfundisha kutoa L. Nikasema ni mimi, na kosa ni langu.

"Mtoto mzito hashiki kanuni hivi," akasema. "Abaki. Ila mfundishe na pa kuiacha."

Kabla ya kuondoka aliniomba maneno mengine ya bibi, akayaandika mwishoni mwa daftari lake. Mimi wa darasa la tano, nikamtajia mwalimu, naye akaandika.

Leo mdogo wangu ni mwalimu Mikumi. Bibi hayupo, jiko lake limeanguka, na hapa Magomeni Kisagara cha nyumba yetu nimebaki nacho peke yangu. Basi pale barazani nikampangia yule binti mbaazi nne za mvua, nikampa ya tano mkononi.

"Niiweke wapi?" akauliza.

Nikamsogezea zile nne, nikamwachia nafasi.