Jioni Tuliyopima Kivuli cha Jiwe huko Sugoi

Nilitoka Eldoret kwa sababu ya ubishi. Katika kanisa letu zilikuwa zimeenea habari za kwenye simu kwamba jiwe kubwa kutoka angani litaigonga dunia, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia, kila Jumapili watu walinizunguka wakitaka jibu. Niliwaambia kuna wataalamu wanaofuatilia mawe hayo, lakini sikuwa nimewahi kuwaona wakifanya kazi. Kwa hivyo rafiki yangu Wanjiru, mwenye duka huko Kesses na mpenzi mkubwa wa nyota, aliponiambia mhadhiri mmoja anatafuta watu wa kujitolea kusimamia darubini ili kufuatilia jiwe moja la namna hiyo, nilikubali kabla hajamaliza.

Jumamosi mchana tuliondoka mjini kwa gari lake, darubini mbili zimefungwa blanketi kwenye kiti cha nyuma. Ilikuwa Januari, jua kali na vumbi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na ng'ombe walitembea katikati ya mabua wakila kilichobaki.

Njiani Wanjiru alinieleza kazi. Jiwe lenyewe lilikuwa mbali mno kuonekana kwa vyombo vyetu. Lakini jioni hiyo lingepita mbele ya nyota moja, na kivuli chake, chenye upana wa mashamba machache tu, kingekatiza kijiji cha Sugoi tulikokuwa tukienda. Aliye ndani ya kivuli angeona nyota ikizimika na kuwaka tena, kufumba na kufumbua. Ukijua kivuli kilipita wapi, unajua jiwe liko wapi, na unaweza kupiga hesabu ya njia yake miaka ijayo. Hesabu za jiwe hili zilikuwa bado na shaka: kulikuwa na miaka ambayo haikujulikana kama lingetukosa.

Tulipofika Sugoi, mhadhiri, Daktari Barasa, alitupanga kwa mstari, kila darubini shamba lake. Mahali pangu palikuwa pamezibwa na mikaratusi, ikabidi niombe nafasi kwa jirani, mjane aitwaye Mama Salina. Alinipokea langoni, mikono kiunoni.

"Mnapima shamba?" aliuliza. "Watu wa kupima wakikuja hapa huwa wanaacha kesi."

"Hapana, Mama. Tunapima jiwe iko huko juu."

Akatazama juu, akanitazama mimi. "Na hiyo jiwe inataka shamba ya nani?"

"Haijulikani kama inataka ya mtu yeyote. Ndiyo maana tumekuja."

Alicheka, akafungua lango. Nilipokuwa nikisimamisha darubini kando ya boma la ng'ombe, aliniletea chai, akaketi kwenye kigoda.

"Sasa mkipata inakuja kwetu, mtafanya nini?"

"Tukijua miaka mingi mapema, inaweza kusukumwa. Wataalamu wameshajaribu. Walituma chombo kikagonga jiwe moja huko mbali, na njia yake ikabadilika."

"Sana?"

"Kidogo tu. Lakini ukianza mapema, kidogo inatosha."

Alifikiri. "Ni kama ng'ombe. Ukimgeuza akiwa mbali na mahindi, ni fimbo moja. Akishaingia, mtakimbia kijiji nzima."

Jua lilipozama, wingu zito lilitanda upande ule ule wa nyota yetu. Nilisimama nikilitazama. Mama Salina alizima taa ya nje bila kuambiwa, kisha akampigia jirani yake simu azime yake pia. Nilimsikia akisema, "Zima tu, nitakueleza kesho. Hata mimi bado naeleweshwa."

Dakika chache kabla ya wakati, wingu lilipasuka. Nyota ilikuwa pale, kitone cheupe kwenye skrini ya kamera niliyoifunga kwenye darubini. Tuliikodolea macho sote wawili, kamera ikirekodi. Wakati ukafika. Wakati ukapita. Nyota haikutikisika.

Simu ikalia. "Yangu imezimika," Wanjiru alisema kwa furaha. "Yako je?"

Nilirudia picha za kamera polepole, tena na tena. Hakuna kitu. Nilitamani sana kuona hata mpepeso mmoja.

Nilikwenda kwa Daktari Barasa kwa miguu mizito. "Yangu haikuzima," nikamwambia.

"Hakukuwa na wingu? Una uhakika?"

"Anga lilikuwa safi. Haikuzima."

Akaachia tabasamu pana. "Basi tumepata ukingo. Wanjiru alikuwa ndani ya kivuli, wewe ulikuwa nje. Bila wewe ningejua kilipita, nisijue kiliishia wapi."

Tulikula ugali na mboga kwa Mama Salina, tukalala kwake. Asubuhi alitufungia mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, tukarudi mjini tukiimba nyimbo ambazo mashairi yake hatukuyajua vizuri.

Baada ya wiki kadhaa Daktari Barasa alitutumia ujumbe: vipimo vyetu vilijumlishwa na vya watu wa kwingineko, na shaka ya ile miaka imefutwa. Jiwe litapita mbali nasi. Nilimpigia Mama Salina kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. "Basi nitapanda mahindi," alisema, ingawa najua angepanda tu.

Nilidhani kulinda dunia ni kazi ya mitambo mikubwa katika nchi za mbali. Mitambo hiyo ipo, na inahitajika. Lakini kuna sehemu ya kazi inayotaka tu mtu asimame pale alipopangiwa, jirani akubali kukaa gizani kidogo, na asiyeona kitu aseme waziwazi hakuona.