Patasi Yangu na Mlango wa Bafuni

Leo nimeivunja patasi yangu mwenyewe, wala sijutii.

Majirani hapa Zuzu wananijua. Patasi ni ya kuchongea mbao. Sijawahi kumwazima mtu anayetaka kufungulia kopo la rangi.

Asubuhi mke wangu aliteleza bafuni, naye alikuwa amejifungia kwa komeo. Aliniita mara moja, kisha akanyamaza.

Niliichomeka patasi kwenye fremu, nikaigonga kwa nyundo, nikaisukuma kwa nguvu zote. Ncha ilikatika. Komeo likaachia.

Nilimkuta amekaa sakafuni, ameshika kiuno.

"Baba Neema, umefungulia nini?"

"Patasi."

"Ile yako?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi ulidhani nimekufa."

Nilimshika mikono nikamwinua. Ninyi mngemjibu nini?