Kijiti Kilichobaki Kizima: Safari Yangu ya Kibaha Hadi Marui

Mchana ule Zainabu alikuwa amelala ubavu mlangoni, miguu ndani, kichwa nje, nami niko hatua tatu kutoka kwake na siwezi kumfikia. Namwona wawili wawili. Ulimi umekuwa kama kipande cha gome mdomoni. Nataka kumwita, sauti haitoki. Mimi nilikula matonge mawili tu, maana nilichelewa kutoka mkongeni. Yeye alikwisha kula, tena kwa njaa ya siku nne. Kabla ya alasiri mke wangu akafa. Mimi nikapona, watu wakaniambia nishukuru.

Kilichomuua ni ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu ambacho sisi Wazaramo hukila mwaka wa njaa. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kikapuni na kulazwa mtoni siku tatu mpaka sumu itoke. Zainabu alilaza siku tatu. Nilihesabu mwenyewe. Sasa kwa nini akafa? Wengine kambini kwetu, shambani mwa mkonge, walisema uchawi. Nyapara wetu, Kondo Sefu, alisema palepale makaburini, udongo bado mbichi, kwamba wanawake wa siku hizi hawajui tena pori. Neno hilo lilikaa kifuani mwangu miaka sita. Mwisho likaninyanyua. Nikasema nitakwenda Marui kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa, aliyemlea Zainabu na kumfundisha ndiga, nimuulize alimfundisha nini. Nisiwafiche, nilikuwa nakwenda kumshitaki.

Niliondoka Kibaha Jumatatu alfajiri, kwa miguu, na mkoba wa mihogo mikavu. Mpaka jua linapanda nilikuwa bado katikati ya mkonge, mistari na mistari. Nimeishi humo tangu ndevu hazijaota, najua kukata jani na kufunga mzigo. Mti mwingine ukiniuliza jina lake silijui. Jambo hilo sikuwahi kuliona kama aibu mpaka siku ile.

Soga nilifika saa nne. Nikavuka reli, na ng'ambo ya reli njia ikawa nyembamba, majani yanagusa mabega. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kila kitu kinapiga kelele, ndege, wadudu, matawi, nami sijui kipi nisikilize. Mara mbili nilirudi nyuma nikidhani nimepotea, na kumbe njia ni ileile.

Mzenga jioni nilipokewa na mtu aitwaye Athumani, anachonga miiko na vinu. Mkewe alileta ugali wa muhogo. Mimi tangu siku ile ya Zainabu siwezi kula chakula chenye asili ya mzizi kwa mtu bila kukinusa, nikakinusa.

"Mgeni," akasema Athumani, "mbwa wangu nimemfungia nje. Naona mwingine ameingia."

Mkewe akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Nikawaeleza habari yangu. Athumani akashika tonge, akalila kwanza yeye, kisha akanisogezea sahani. Baadaye alinionyesha kipande cha mti alichokuwa anakichonga. Akasema hakati mpaka ameutazama uelekeo wa nyuzi zake, ukilazimisha unapasuka. Nikaitikia, lakini sikuelewa kwa nini ananiambia mimi.

Marui nilifika siku ya pili, adhuhuri. Shangazi alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Mwishehe. Ndiyo umekuja? Umekonda kama ufito wa dari. Huko Kibaha mnakula mkonge?"

Nikataka kusema papo hapo nililolijia. Akaniwahi. "Kaa. Mtu hasemi la msiba na vumbi miguuni." Akanipa chane za majani ya mikindu, ati nimshikie. Mwanamume mzima nikakaa kushika chane. Nyingine alizitia rangi nyekundu ya mizizi, nyingine nyeusi ya matope ya mtoni. Nikasuka vidole vitatu vya ukili, akaufumua wote. Nikasuka tena, akaufumua.

"Unatazama mkono," akasema. "Tazama mkindu. Wenyewe unakuambia unapotaka kukunjwa."

Siku tatu zilikwenda hivyo. Asubuhi tunachimba mizizi ya rangi, mchana tunasuka, na kila tukipita mahali ananiuliza nimeona nini. Nikisema sijaona kitu anacheka. "Macho ya mkonge hayo, yanaona mistari tu." Nilikasirika, nikataka kuondoka. Nikabaki, sijui kwa nini.

Siku ya nne akachimba ndiga. Mwaka haukuwa wa njaa. Akasema anachimba kila mwaka kidogo ili mkono usisahau. Nilirudi nyuma hatua moja nilipokiona kile kiazi. Akamenya, akakata, akatia kikapuni, tukashuka mtoni. Akakilaza kikapu kwenye maji yanayokwenda, kisha akachomeka kijiti kibichi mchangani kando yake.

Nikamwambia, "Hicho nakijua. Alama ya mwenye kikapu. Zainabu naye alikiweka."

Akanitazama. "Alikuambia ni alama ya mwenyewe?"

"Hakuniambia. Mimi nilidhani."

"Miaka yote hiyo mmekaa nyumba moja, hukumuuliza?"

Nikachutama nikakitazama kijiti.

Akaniambia basi. Siku tatu si kitu. Siku tatu ni za maji yanayotembea, maana ndiyo yanayoichukua sumu. Yakisimama, ndiga inalala ndani ya sumu yake yenyewe. Na mwenye kikapu hawezi kukaa mtoni siku tatu. Kwa hiyo mtu yeyote akiziba maji huko juu, ametega samaki, anamwagilia, lolote, ni lazima ashuke avivunje vijiti vya wenye vikapu. Mwenyewe akija akakuta kijiti kimevunjika, anaanza kuhesabu upya. Akikikuta kizima, anachukua ndiga yake anakwenda kupika.

"Kila mtu analijua hilo?" nikamuuliza.

"Kuanzia hapa mpaka Chole ya huku bara, hata mtoto anayetambaa."

Nikakaa chini kwenye mchanga. Maana nilikumbuka. Siku ile ya tatu nilikwenda na Zainabu kuchukua kikapu kwenye kijito chetu cha Kibaha. Maji yalikuwa yametulia, yana utando juu. Niliyaona. Nilifurahi, nikasema leo sitalowa suruali. Zainabu akasimama, akasema, "Mbona maji yametulia?" Akainama akatazama kijiti. Akasema, "Kijiti kizima. Twende." Miaka sita nimelibeba neno hilo bila kujua ni neno gani.

Nikamsimulia shangazi yote, hakunibembeleza. Aliendelea kuosha mikono. Kisha akasema, "Ulikuja kunishitaki mimi."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nimeshitakiwa. Sasa fikiri juu ya maji. Nani aliyaziba?"

Siku tatu zilipotimia tulishuka, kijiti kizima, maji yanaimba kwenye mawe. Alipika, akala, akanisukumia chungu. Nilikula. Nililia nikila, naye akajifanya anapepea moto. Ndiga ni tamu, ndugu zangu. Sikuwahi kujua kwamba ni tamu.

Kurudi nilipita njia ileile, na sikupotea. Niliisikia mito kabla sijaiona. Mzenga Athumani alinipa mwiko, akasema ni wa mbwa aliyepona kunusa. Lakini kichwa hakikutulia. Hatua moja nasema niliyekosa ni mimi, niliyaona maji nikanyamaza. Hatua nyingine nasema ni Bwana Kofia, yule Mzungu wa shamba, aliyetaka maji yote yaende kwenye korona, mashine yake ya kukwangua mkonge. Yeye hakujua kijiti ni nini wala hakuuliza, na simsamehe. Ila lango la mbao linalofunga kijito, Mzungu halishushi kwa mkono wake. Kazi hiyo ina mwenyewe, nyapara, na njia ya kwenda langoni inapita pale pale vikapu vilipolazwa.

Kibaha niliingia Alhamisi jioni. Sikupitia nyumbani. Nilimkuta Kondo Sefu penye korona.

"Nyapara, kwenu wapi?"

"Chole. Leo umesahau?"

"Chole mnalaza ndiga vipi?"

"Kama wengine." Akaanza kutabasamu.

"Na kijiti?"

Tabasamu likaondoka. Akatazama mashine, akatazama watu. "Mambo ya wazee hayo, Mwishehe. Bwana alitaka maji."

Akaingia ndani, akaniacha na kelele za korona.

Nilichojifunza nawaambia watu wa Kibaha. Msihesabu siku tu, shukeni mtoni mkayaangalie maji. Waulizeni wake zenu wanachokifanya na kwa nini. Mimi nimejifunza hayo nikiwa na mvi, na aliyestahili kuniona nikisuka ukili yuko chini ya udongo. Sehemu yangu ya kosa nimeitaja, sijaificha.

Sasa bado yako, Kondo Sefu, mzaliwa wa Chole. Siku uliyoshusha lango ulikipita kikapu cha mke wangu ukienda, ukakipita tena ukirudi. Kijiti kilikuwa kimesimama. Kukivunja ni kuinama mara moja. Kisha ukaja makaburini ukasema hajui pori. Njoo makaburini palepale, mbele ya watu walewale, utuambie kwa nini hukuinama.